Kombi Kuukuu na Spea Isiyoingia: Mjadala wa Nkende

Hoja iliyo mbele yetu ni hii: kombi la Volkswagen la mwaka 1986, lenye vitanda, jiko na paa la kuinuka, liondolewe spea yake ndogo inayolala chini ya pua, na mahali pake iwekwe kubwa zaidi, yenye tairi la saizi ya HiAce. Wapo wanaosema hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Wapo wanaosema ni kuanza kuliua gari ambalo vyuma vyake havipatikani kila duka.

Wazungumzaji nimewabuni, lakini gari, vipimo na barabara ni vya kweli. Gereji iwe Nkende, mojawapo ya kata za Halmashauri ya Mji wa Tarime, kwa sababu Tarime ni mji wa njia mbili zisizofanana. Ipo lami ya kutoka Musoma inayokwenda kukata mpaka Sirari, ambako gari lolote lenye matairi mazima hupita bila hadithi. Na ipo njia ya Nyamongo hadi Mugumu, wilayani Serengeti, ambako lami imekuwa ikijengwa kwa vipande, na kipande kikiisha, changarawe inaanza kuuliza maswali. Waliokaa kwenye benchi ni Mwalimu mstaafu mwenye kombi, Fundi, kijana Dereva wa HiAce, Mama wa duka la matairi, na Mwongoza wageni wa mbugani.

Msomaji asiyelijua gari hili alijue kwanza. Ni kizazi cha tatu cha kombi. Lilitoka mwaka 1979, kiwanda cha Hannover kikaacha kuliunda 1990, lakini Afrika Kusini iliendelea nalo hadi 2002. Injini iko nyuma. Rejeta ya maji iko puani. Chini ya pua hiyo, usawa wa miguu ya dereva, pana sahani ya chuma, na ndani yake spea imelala ubavu. Tairi la kiwandani ni 185R14 la kubebea mzigo.

Anayeleta hoja

MWALIMU: Nianze mimi, kwa kuwa gari ni langu na pensheni ni yangu. Nataka kutoka hapa na mama watoto, tupite Nyamongo, tulale Mugumu, kesho yake tuingie Serengeti kwa lango la Ikoma. Njia hiyo naijua. Mawe yake yamechongoka, na pembeni kuna miiba ya migunga inayotoboa hata kandambili nene. Matairi yangu ni mafupi, tumbo la gari liko karibu na ardhi. Tena nikiangalia barabarani, kila HiAce inayonipita ina inchi 15. Ikipasukiwa, mwenzake anasimama, wanaazimana, safari inaendelea. Mimi na inchi 14 zangu ni mgeni katika nchi yangu. Kwa hiyo nataka saizi ya HiAce. Nianze na spea, mengine manne nitayabadilisha kidogo kidogo kadiri pesa inavyopatikana. Fundi, swali langu ni moja tu: litaingia?

FUNDI: Litaingia, Mwalimu. Hakuna kisichoingia ukiwa na grenda na mashine ya kuchomelea. Mimi nauliza maswali mawili ya baadaye: litatokaje siku ya pancha, na gari litabaki na nini.

Tuchukue futi. Tairi lako la 185R14 lina kimo cha karibu sentimita 65. La HiAce, 195R15, linakaribia 70. Hizo ni sentimita nne hadi tano kwenye kimo, na karibu moja kwenye unene. Wateja wote huja wamepima kimo; unene wanausahau, na ndio unaowashinda. Sahani hii ina bawaba nyuma. Mbele inashikwa na bolti moja na ndoano ya usalama. Ukifungua, inashuka upande wa mbele, unavuta spea. Sasa weka tairi nene zaidi: sahani haifungi, bolti haifiki kwenye nati yake. Ndipo mtu anaponiambia, "Fundi, kata mdomo wa sahani, weka bolti ndefu." Nikikata, sahani itaning'inia. Wewe ulikuja kwangu kunyanyua tumbo la gari, nami nitakuwa nimeshusha kidevu chake.

MWONGOZA WAGENI: Hapo fundi kasema neno. Kule mbugani, baada ya mvua, udongo mweusi unakula magurudumu taratibu. Kinachotangulia kugonga ni pua unaposhuka kwenye korongo. Ukiwa na sahani inayoning'inia mbele, umefunga jembe. Na juu yake kuna rejeta.

Hoja ya kutoa upepo

DEREVA: Wazee wangu, naomba niseme. Mbona mnalifanya gumu? Lifungueni upepo. Tairi likiwa tupu linabonyea, mnalisukuma ndani, mnafunga bolti. Siku ya pancha unatoa, unajaza. Pampu ya kuchomeka kwenye umeme wa gari ipo madukani, hata ya bodaboda inatosha kwa mwenye mikono.

FUNDI: Mura, kijana wangu, hilo linafanyika, sikatai. Wapo wenye makombi haya wanaolifanya. Lakini tairi lisilo na upepo likitikiswa miezi sita kwenye barabara ya makorongo, midomo yake huachia rimu. Siku unayolihitaji unapampu, upepo unatokea pembeni. Pampu ndogo haina nguvu ya kurudisha midomo mahali pake. Hapo una chuma na mpira, huna gurudumu.

MWONGOZA WAGENI: Na kuna muda. Hifadhini magari ya wageni hayaruhusiwi kutembea usiku, na kushuka garini ovyo ni kosa. Ukipata pancha saa kumi na moja jioni, kila dakika unayopiga pampu nje ya gari ni dakika unayomwomba simba awe ameshiba.

DEREVA: Basi nami nitoe ushahidi dhidi yangu mwenyewe. Spea ya HiAce inaning'inia chini ya sakafu nyuma, kwa cheni na winchi ndogo. Msimu wa mvua tope linaingia, linakauka, cheni inaota kutu. Kuna siku unazungusha na winchi haitaki, uko chini ya gari, mgongo kwenye maji, abiria wamesimama wanakutazama kama wewe ndiye uliyetawanya miiba. Madereva wengi wameihamishia ndani, chini ya siti. Kwa hiyo nakubali: spea iliyo chini ya gari, hata ikiwa saizi sahihi, inataka kushushwa na kusafishwa mara kwa mara. Ikiingizwa kwa nguvu, nani atakuwa na moyo wa kuishusha kila mwezi?

Hapa niingilie mimi mwamuzi. Kijana ameleta njia ya mkato, kisha akaifunga mwenyewe. Spea inayoingia kwa kupigana hutolewa siku ya shida tu, na siku ya shida ndiyo mbaya kuliko zote za kugundua kwamba haitoki. Mpaka hapa, hata hivyo, tumebishana juu ya shimo. Mama wa matairi atatupeleka kwenye mpira wenyewe.

Ubavu wa tairi unasomeka

MAMA WA MATAIRI: Mwalimu, wewe umefundisha watoto kusoma. Sasa soma ubavu wa tairi. Hili lako la 185R14 lina herufi C mwishoni, maana yake ni la gari la mzigo. Pembeni limeandikwa 102/100. Hiyo 102 ni kilo 850 kwa tairi moja likiwa peke yake kila upande wa ekseli. La HiAce, 195R15C, mara nyingi huandikwa 106/104, nayo 106 ni kilo 950. Yote mawili yanakufaa kwa uzito. Hatari ni watu wa katikati, wanaokuja hapa na kusema, "Mama, nipe lolote la inchi 15 lililotumika." Wanachukua la Noah, 195/65R15, lenye namba 91. Hiyo 91 ni kilo 615. Kombi lenye vitanda, maji, mtungi wa gesi na watu linaweza kuruhusiwa kufika karibu tani mbili na nusu, na zaidi ya nusu iko nyuma kwa sababu injini iko nyuma. Piga hesabu: 615 mara mbili ni 1,230. Hujabakiza nafasi ya debe la maji. Na tairi la Noah ni fupi kuliko hata hilo la kwako, kwa hiyo hata tumbo hujalinyanyua.

Halafu tazama tarakimu nne za mwisho za ile alama ya DOT. Ukiona 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watu hunionyesha spea "mpya, haijawahi kukanyaga barabara," ina miaka kumi na mbili. Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa hawajaona tairi. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala, na ule wa chini ya gari unazeeka kwa joto, tope na mafuta.

Na la mwisho, Mwalimu, usikasirike. Hiyo saizi unayosema ni ya mgeni, sisi tunaiuza. Hilux za zamani zisizo na gia ya mbele hutumia 185R14C, na pick-up ndogo kadhaa pia. Haijaisha sokoni. Wewe ulikuwa unaangalia HiAce peke yake kwa sababu ndizo zinazokupita.

MWALIMU: Mama, hapo umenipunguzia uhitaji. Lakini hujanijibu juu ya kuazimana barabarani. HiAce ni nyingi kuliko Hilux za zamani.

FUNDI: Nijibu mimi. Barabarani, Mwalimu, watu hawaazimani tairi, wanaazimana gurudumu zima, rimu na tairi pamoja. HiAce nyingi za hapa zina nati sita. Kombi lako lina tano, zimepangwa kwenye duara la milimita 112. Noah nayo ina tano, lakini duara lake ni milimita 114.3. Tofauti ni milimita mbili na kidogo. Nati ya kwanza itashika, ya pili itashika, utadhani gurudumu limekaa. Halijakaa. Limekaa upande, na litaanza kula mashimo ya rimu na nyuzi za bolti mpaka siku litakapokuacha. Kwa hiyo HiAce hata zikiwa elfu moja nyuma yako, hakuna inayoweza kukuazima gurudumu.

DEREVA: Kwa hiyo ukitaka tairi la inchi 15 unatafuta rimu gani?

FUNDI: Mercedes za zamani zina duara hilo hilo la 112 na rimu za inchi 15. Wengi wenye makombi wanazitumia. Lakini vikalio vya bolti havifanani, na kina cha rimu kinaweza kulisogeza gurudumu ndani au nje. Lazima upate bolti zinazolingana na rimu hiyo, na ujaribu kukata kona mpaka mwisho uone kama tairi halisugui bodi. Ni kazi inayofanyika. Lakini ni kazi ya rimu tano, haiishii kwenye spea moja.

Tumbo, gia na difu

MWALIMU: Basi nirudi kwenye hoja yangu ya kwanza, maana naona mmeikwepa. Tumbo. Sentimita nne hadi tano za kimo ni mbili na zaidi kidogo chini ya gari. Na tairi lenye ubavu mrefu linakunja jiwe badala ya kupasuliwa nalo. Hilo ni kweli au si kweli?

FUNDI: Ni kweli, na ndiyo hoja yako yenye nguvu kuliko zote. Sasa sikia bei yake. Injini ya lita 1.9 inayopozwa kwa maji, hii ya kwako, ilitoka kiwandani na farasi 78. Leo sijui wamebaki wangapi. Kimo kikiongezeka kwa karibu asilimia saba, kila gia inakuwa nzito kwa kiasi hicho. Ukitoka daraja la Kirumi kwenye Mto Mara, unapanda kurudi Tarime na mzigo, gia ya nne utaisahau, na ya tatu utaililia. Saa ya mwendo nayo itakudanganya: ikisoma 80, wewe uko zaidi ya 85. Mwambie hivyo askari wa usalama barabarani uone kama atakuelewa. Kama shida ni tumbo, tuzungumze springi. Hizo zinanyanyua bila kugusa gia.

DEREVA: Na kama akiacha manne ya inchi 14, akaweka kubwa moja tu iwe ya dharura?

FUNDI: Hilo ndilo baya kuliko yote, na ndilo Mwalimu alilokuwa analiendea bila kujua aliposema ataanza na spea. Weka kubwa upande mmoja wa nyuma, ndogo upande wa pili. Gurudumu dogo linalazimika kuzunguka zaidi ili kwenda sawa na mwenzake. Kazi hiyo inabebwa na gia ndogo ndani ya difu, ambazo ziliwekwa kwa ajili ya kona, sasa zinasagana hata kwenye njia iliyonyooka. Weka mbele, breki zinavuta upande na usukani unang'ang'ania. Ukilazimika kabisa, iweke mbele, hamishia tairi la mbele nyuma, nenda polepole hadi duka la kwanza. Lakini kutoka Nyamongo mpaka Ikoma kwa namna hiyo, sikushauri.

MWALIMU: Na sahani yenyewe ni takatifu kiasi gani? Makombi ya kizazi cha pili, yaliyotangulia hili, mengine yalikuwa na spea usoni kabisa, juu ya pua. Mengine ndani. Kiwanda chenyewe kimekuwa kikihamisha.

MWONGOZA WAGENI: Ni kweli, na ndiyo magari yaliyoanza kazi yetu. Kabla mpaka wa Kenya haujafungwa Februari 1977, vibasi vya aina hiyo vilileta wageni kutoka Nairobi mpaka Serengeti. Ulipofunguliwa tena 1983, safari nyingi zilikuwa zinaanzia Arusha, kwa Land Rover, baadaye Land Cruiser. Sasa niwaambie sisi wa Land Cruiser tulichojifunza. Hatubebi spea kubwa. Tunabeba spea mbili, zote saizi ile ile ya matairi yanayotembea. Pancha ya kwanza haimwangushi mtu. Inayomwangusha ni ya pili, kabla hajaziba ya kwanza.

Kimya kifupi kilifuata, na Mama wa matairi alikuwa wa kwanza kukivunja.

MAMA WA MATAIRI: Kaka, hapo umeniuzia matairi mawili.

FUNDI: Na umenipa kazi ninayoipenda. Moja linabaki kwenye sahani yake bila kukatwa kitu. La pili, Mwalimu, paa lako la kuinuka halibebi tairi, na mlango wa nyuma unashikwa na vijiti vya gesi ambavyo vikichoka vinamwangukia mtu kichwani. Nitakuchomelea mkono wa chuma unaofunguka pembeni, umeshikwa na ncha za chesisi, usishikwe na bampa tupu. Uzito nyuma utaongezeka kidogo, kwa hiyo maji na mtungi wa gesi usogeze mbele.

MWALIMU: Na miiba? Na mawe? Tumbo bado liko chini.

FUNDI: Springi, na mwendo. Mawe mengi ya njia hii hupasua tairi la anayekimbia.

Hukumu

Kama mwamuzi, naiangusha hoja ilivyoletwa, ila nampa Mwalimu haki yake. Hakukosea kuiogopa njia ya Mugumu, wala kutaka gari lenye tumbo la juu. Alikosea mpangilio. Alianza na shimo lililo chini ya pua, akauliza linaweza kumeza nini, na kila mtu gerejini akaanza kujibu swali hilo kwa bidii: kata, bonyeza, toa upepo, ongeza bolti. Swali la mwisho liliwekwa mwanzo.

Mpangilio wenyewe umejitokeza humo humo katika mabishano. Kwanza ni mzigo: gari lina kilo ngapi likijaa, na ubavu wa tairi unaahidi kilo ngapi. Pili ni upatikanaji, na hapa Mama ametufundisha kuhesabu rafu ya duka, tusihesabu magari yanayotupita. Saizi inayoonekana barabarani haisaidii kitu kama duara la nati halilingani. Tatu, matairi yote manne yawe sawa, na la tano liwe pacha wao. Yakishakubaliana hayo matatu, ndipo mtu anauliza la tano litakaa wapi. Swali hilo huwa jepesi, kwa sababu pa kuweka tairi huhamishika: puani, ndani, nyuma, juu. Difu, gia na nyuzi za bolti hazihamishiki.

Kwa kombi hili na njia hii, jibu ni 185R14C mbili: moja sahanini, ishushwe na kuoshwa kila gari linapoingia gereji, moja nyuma, kwenye mkono imara. Zote zijazwe upepo kamili, na tarakimu zao za tarehe zisomwe kabla ya kulipiwa. Atakayeng'ang'ania inchi 15 hakatazwi. Njia ipo, na Fundi ameitaja: rimu za duara la 112, bolti zinazolingana nazo, springi za kunyanyua, na uvumilivu kwenye mlima wa Tarime. Spea ya namna hiyo isilazimishwe chini ya pua, ikae nyuma.

Mwalimu amesema atakata rufaa pensheni ikipanda. Apokelewe, ila aje na rimu tano. Akija na moja, kesi haifunguliwi.